Pensheni ni ujira, si sadaka: somo la kikokotoo kwa Muislamu

 

Ndugu msomaji, kabla ya mwaka 2018 neno "kikokotoo" lilikuwa la wahasibu na maafisa utumishi. Leo hata bibi wa Kidia anayeuza ndizi analifahamu, kwa sababu mwanawe mwalimu amestaafu na fedha aliyotegemea kumalizia nyumba haikufika. Huku Old Moshi neno hilo utalisikia nje ya msikiti baada ya Ijumaa, utalisikia msibani, na utalisikia kwenye kahawa. Wengi wanalizungumza kwa hasira, lakini wachache wamekaa chini wakalipima kwa mizani ya dini yao.

Somo letu la leo linajibu swali moja: fedha anayolipwa mstaafu, na matibabu anayopewa uzeeni, ni kitu gani katika sheria ya Kiislamu? Je, ni zawadi ya mwajiri kwa mtu aliyemtumikia vizuri, au ni haki ya mfanyakazi iliyocheleweshwa? Jibu la swali hili ndilo linaloamua nani anaruhusiwa kuibadilisha, lini, na kwa kiasi gani.

TOFAUTI YA ZAWADI NA UJIRA

Zawadi ni hiari ya mtoaji. Akitaka atatoa, asipotaka hadaiwi mbele ya kadhi. Ujira sivyo. Ujira ni malipo ya kazi kwa mapatano, na kazi ikishafanyika ujira unakuwa deni shingoni mwa mwajiri.

Qur'an inatufundisha jambo hili katika kisa cha Nabii Musa (a.s.) na mzee wa Madyan, ambaye wafasiri wengi wanasema ni Nabii Shu'ayb (a.s.). Katika Suratul Qasas, aya ya 27 na 28, mzee yule alimwekea Musa masharti ya kumtumikia miaka minane, na akamwambia kuwa akitimiza kumi, hiyo miwili itakuwa hisani yake mwenyewe. Tazama jinsi jambo lilivyowekwa wazi tangu siku ya kwanza: minane ni wajibu, miwili ni hisani, na Mwenyezi Mungu akafanywa shahidi. Hakuna aliyemgeukia mwenzake mwaka wa saba akamwambia hesabu imebadilika.

Mtume (s.a.w.) naye ameamrisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Imepokewa pia kuwa alikataza mtu kuajiriwa bila kubainishiwa ujira wake. Na katika Hadithi Qudsi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, mmoja wa watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyeajiri mtu, akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake.

Sasa tuiangalie pensheni. Kila mwezi mtumishi wa umma hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 15, jumla asilimia 20. Kwa mfanyakazi wa kampuni binafsi aliye NSSF jumla ni hiyo hiyo ya asilimia 20, kwa kawaida nusu kwa nusu. Mtu hakubali mshahara wa leo peke yake, bali anakubali mshahara pamoja na ahadi ya uzeeni. Lau ahadi ile isingekuwepo, wangapi wangeacha ualimu wa kijijini wakaenda kufanya biashara Moshi mjini au Arusha? Basi ile sehemu ya mwajiri ni ujira vilevile, ila umewekwa akiba. Si sadaka, wala si takrima.

NINI KILIBADILIKA

Tupange historia kwa ufupi ili tusiongee kwa kusikia.

Kwa miaka mingi Tanzania ilikuwa na mifuko kadhaa. Mfuko wa akiba wa NPF ulianzishwa mwaka 1964 na kwa sheria ya mwaka 1997 ukageuzwa kuwa NSSF. Mashirika ya umma yalikuwa na PPF tangu 1978. Watumishi wa Serikali Kuu walikuwa na PSPF iliyoanzishwa mwaka 1999, wa halmashauri walikuwa na LAPF, na palikuwa pia na GEPF. Kila mfuko ulikuwa na hesabu yake. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria ya kuunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuwa mfuko mmoja wa PSSSF, ulioanza tarehe 1 Agosti 2018. NSSF ikabaki kuwa ya sekta binafsi.

Pamoja na muungano huo ikaja kanuni mpya ya kukokotoa mafao. Kilio kikawa kikubwa. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli alikutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, akaagiza hesabu za zamani ziendelee hadi mwaka 2023. Kisha mwaka 2022, baada ya Serikali na wafanyakazi kukaa tena, kikatangazwa kikokotoo kipya kilichoanza tarehe 1 Julai 2022, kwa mkupuo wa asilimia 33. Bajeti ya mwaka 2024/25 ikaongeza mkupuo huo: waliokuwa katika kundi la asilimia 50 wakapandishwa hadi 40, na waliokuwa katika kundi la asilimia 25 wakawekewa 35.

Tuseme ukweli hapa. Kwa wanachama wa NSSF na wa iliyokuwa PPF, kutoka 25 kwenda 33 kisha 35 ni nyongeza ya mkupuo. Walioumia ni wale wa PSPF na LAPF, yaani walimu, wauguzi, askari wa wanyamapori na watumishi wa halmashauri.

MFANO WA WALIMU WAWILI

Watu wengi wanadhani suala ni asilimia tu, 50 dhidi ya 33 au 40. Sivyo. Kikokotoo kina namba tatu, na zote tatu ziliguswa.

Namba ya kwanza ni kigawanyo cha miezi ya utumishi. Katika PSPF na LAPF kilikuwa 540, kikawa 580. Kigawanyo kikikua, pensheni inapungua. Namba ya pili ni idadi ya miaka ambayo mkupuo unakadiriwa kwayo. Ilikuwa 15.5, ikawa 12.5. Namba ya tatu ndiyo asilimia ya mkupuo.

Tuchukue mfano wa walimu wawili wa shule moja. Wote wametumikia miaka 30, yaani miezi 360. Wote mshahara wao ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, na tuseme haukubadilika katika miaka mitatu ya mwisho. Mmoja anatimiza miaka 60 mwezi Juni 2022, mwenzake anatimiza Julai 2022.

Wa kwanza: miezi 360 kugawa kwa 540, mara mshahara wa mwaka wa shilingi 12,000,000, inakuwa pensheni ya mwaka ya shilingi 8,000,000. Nusu yake mara 15.5 ni mkupuo wa shilingi 62,000,000. Nusu inayobaki inamlipa shilingi 333,333 kila mwezi.

Wa pili: miezi 360 kugawa kwa 580, mara 12,000,000, inakuwa shilingi 7,448,276 kwa mwaka. Asilimia 33 yake mara 12.5 ni mkupuo wa shilingi 30,724,138. Asilimia 67 iliyobaki inamlipa shilingi 415,862 kwa mwezi.

Atakuja msemaji aseme: huyu wa pili hakudhulumiwa, kwa sababu mkupuo umepungua lakini pensheni ya mwezi imeongezeka. Hoja hii tuipime. Mkupuo umepungua kwa shilingi 31,275,862. Mwezi umeongezeka kwa shilingi 82,529. Gawanya, utakuta anahitaji miezi 379 kurudisha tofauti hiyo, yaani zaidi ya miaka 31. Mtu aliyestaafu na miaka 60 aishi hadi 91 ndipo alingane na mwenzake!

Na kwa asilimia 40 ya mwaka 2024? Mkupuo unakuwa shilingi 37,241,379 na mwezi shilingi 372,414. Ni nafuu ya kweli kwa mwenye shida ya fedha ya haraka. Lakini ukilinganisha na mwalimu wa kwanza, bado mkupuo una upungufu wa zaidi ya shilingi milioni 24, na mwezi umezidi kwa shilingi 39,081 tu. Sababu ni kwamba 2024 iligusa namba ya tatu peke yake. Namba ya kwanza na ya pili zilibaki pale pale, 580 na 12.5.

Ingekuwa ni asilimia tu imeshushwa, hasara ya mkupuo ingerudi kwa njia ya pensheni ya mwezi ndani ya miaka 15 na nusu. Hilo mtu angeweza kulijadili kama mpango wa akiba. Lakini zile namba mbili nyingine hazihamishi fedha kutoka mfuko mmoja wa mstaafu kwenda mwingine. Zinapunguza jumla. Hapa ndipo mfanyakazi anapaswa kuelekeza macho yake.

HOJA YA MASLAHA

Uislamu haukatazi kiongozi kubadilisha utaratibu kwa maslaha ya umma. Serikali ilieleza kuwa mifuko ilielemewa, na kuwa wastaafu wengi walikuwa wakimaliza mkupuo mapema kisha wakabaki fukara. Hoja hizi si za kubeza. Mfuko ukifilisika hakuna atakayelipwa. Na kila mmoja wetu anamjua mzee aliyenunua gari la abiria kwa kiinua mgongo, na mwaka wa pili gari likawa juu ya mawe.

Lakini maslaha yana mipaka yake. Wanavyuoni wa fiqhi wameweka kanuni kuwa madhara hayaondolewi kwa madhara mengine mfano wake. Tujiulize basi, mzigo wa mfuko ulitokana na nini? Sehemu yake kubwa ilitokana na watumishi walioajiriwa kabla ya mwaka 1999, ambao PSPF ilitakiwa kuwalipa mafao ya miaka ambayo mfuko haukupokea michango yake. Hilo lilikuwa deni la Serikali, na Serikali yenyewe ililikubali. Katika mwaka wa fedha 2021/22 ilianza kulilipa kwa hatifungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2, na kwa hilo inastahili kupongezwa. Lakini kama chanzo cha upungufu si mwalimu, haiwi haki mwalimu awe wa kwanza kuufidia.

Suratul Maidah inafunguka kwa amri ya kutimiza mikataba. Na Suratul Mutaffifin inamuonya vikali yule ambaye akipokea hutaka kipimo kamili, akitoa hupunguza. Kila anayeshika mizani ya watu, awe waziri, mkurugenzi wa mfuko au mwenye kampuni, aisome sura hiyo kwa utulivu.

Basi haki ipo wapi? Kwa ninavyoelewa kanuni za ijara, tugawe mambo matatu.

Kwanza, mwajiriwa mpya. Huyu anaweza kuwekewa masharti mapya yoyote ya halali, kwa kuwa anayasikia kabla ya kukubali.

Pili, mwajiriwa wa zamani kwa miaka ambayo hajaifanyia kazi bado. Hapa yanahitajika mashauriano na ridhaa kupitia wawakilishi wake, naye awe na nafasi ya kujiandaa.

Tatu, miaka iliyokwishafanyiwa kazi. Hiyo ni deni. Mwalimu aliyeanza kazi mwaka 1992 alikuwa tayari na miaka 30 ya jasho lililokauka ilipofika Julai 2022. Uadilifu ni kumkokotolea miaka ile kwa kipimo cha wakati ule, na miaka iliyofuata kwa kipimo kipya. Kutumia tarehe ya kustaafu peke yake ndiko kunakofanya watu wawili waliofanya kazi sawa watofautiane kwa mamilioni kwa sababu mmoja alizaliwa Juni na mwingine Julai.

Na haki ikicheleweshwa sana huishia makaburini. Tukumbuke wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, waliokuwa wafanyakazi wa reli, bandari, posta na ndege. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Mkataba wa kugawana mali na madeni ukatiwa saini mwaka 1984, na ukaitaka kila nchi ibebe pensheni za raia wake. Wazee wetu wakafika Mahakama Kuu, na makubaliano ya malipo yakapatikana mwaka 2005. Kutoka 1977 hadi 2005 ni miaka 28. Wangapi walikuwa wameshazikwa?

MATIBABU YA MSTAAFU

Mzee anaweza kuvumilia nyumba isiyokwisha, lakini hawezi kuvumilia figo au presha. Kwa hiyo nusu ya pili ya haki ya mstaafu ni matibabu.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na ukaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi huchangia asilimia 3 na mwajiri asilimia 3. Mwanachama akistaafu, yeye na mwenza wake huendelea kutibiwa bila kukatwa tena mchango. Hili ni jambo jema sana na tusilifiche. Mzee wa Old Moshi mwenye kadi hiyo anaweza kuteremka Mawenzi au KCMC bila kuuza ng'ombe.

Lakini yapo mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni wategemezi. Akiwa kazini, kadi ya mtumishi humbeba mwenza na wategemezi wengine, wakiwemo wazazi. Akistaafu, anabaki yeye na mwenza. Mwalimu mwenye miaka 60 huenda ana mama wa miaka 85, na mama huyo anapoteza bima mwaka ule ule ambao mshahara wa mwanawe umekatika. La pili ni kitita cha mafao, yaani orodha ya dawa na huduma zinazolipiwa na bei zake. Kilipobadilishwa kuanzia tarehe 1 Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi hazikukubaliana na bei mpya, zikasitisha huduma kwa wenye kadi. Mgonjwa wa kliniki ya kila mwezi ndiye aliyehangaika, na wagonjwa wa aina hiyo wengi ni wazee.

Kwa wafanyakazi wa kampuni binafsi hali ni ngumu zaidi. Kampuni nyingi huwakatia watu wao bima ya kibiashara, na siku ya kustaafu kadi inarudishwa mapokezini pamoja na kitambulisho cha kazi. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Katika utekelezaji wake, kundi hili la wazee wa viwandani na mashambani ndilo la kutazamwa mwanzo.

Khalifa Umar bin Khattab (r.a.) alimkuta mzee kipofu wa Kiyahudi akiomba mlangoni. Alipojua kuwa mzee yule ameombeshwa na uzee na kodi, alimchukua nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamwagiza mtunza Baitul Mali amwangalie yeye na mfano wake. Sababu aliyoitoa ni kuwa si uadilifu kula nguvu za mtu akiwa kijana kisha kumtupa akizeeka. Kisa hiki amekipokea Qadhi Abu Yusuf katika Kitabul Kharaj. Dini ya mzee haikumzuia Umar kumpa haki yake, bali aliangalia nguvu zake zililiwa na nani.

SISI WENYEWE TUFANYE NINI

Wazee wetu wa mlimani walikuwa na pensheni yao, nayo ni kihamba. Migomba, kahawa, ng'ombe wa ndani, na mtoto wa mwisho wa kiume anayebaki na wazazi. Leo kihamba kimegawanywa mpaka kimekuwa uwanja, kahawa haina bei ile ya zamani, na mtoto wa mwisho yupo Dar es Salaam. Kwa hiyo hatuwezi kuitegemea mila peke yake, wala mfuko peke yake. Nashauri mambo matano.

Kwanza, kila mfanyakazi adai taarifa ya michango yake kila mwaka. Mwajiri anayekata fedha ya NSSF au PSSSF asiifikishe amefanya khiyana katika amana, na Suratun Nisaa aya ya 58 imeamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Muislamu mwenye kampuni ajue kuwa hija yake haifuti deni hilo.

Pili, mkupuo ukiingia, lipa madeni kwanza. Usianze biashara usiyoijua kwa fedha yote. Kitakachobaki kikifikia nisab na kupitiwa na mwaka, kitolee Zaka.

Tatu, jua tofauti ya mirathi na mafao. Mkupuo uliokwisha kupokea ni mali yako, na ukifa unagawanywa kwa Faraidh. Lakini malipo ya wategemezi yatokayo mfukoni hufuata sheria ya mfuko na majina uliyoandikisha. Wapo wajane walioachwa nje kwa sababu fomu ilijazwa kabla ya ndoa yao. Rekebisha fomu ungali hai, na andika wasia.

Nne, kabla ya kustaafu nenda ofisi ya bima uulize nani anabaki kwenye kadi. Mwenye wake zaidi ya mmoja aulize mapema zaidi, kwani uadilifu baina ya wake haukomi mtu akistaafu. Na misikiti yetu ianzishe mfuko mdogo wa kuwalipia bima wazee waliobaki bila kadi. Hii ni sadaka yenye kumfaa aliye hai na aliyetangulia.

Tano, wanachama wa vyama vya wafanyakazi wasiishie kudai asilimia. Wadai namba zote tatu zizungumzwe, na wadai miaka iliyokwisha kutumikiwa ikokotolewe kwa kipimo chake.

Ndugu msomaji, hatuombi mstaafu ahurumiwe. Huruma ni ya maskini na yatima, na ina mlango wake. Mstaafu ni mdai. Amefundisha, ametibu, amepanda miwa, ametengeneza barabara, na kazi yake imekwisha pokelewa kamili. Kilichobaki ni kulipwa kama alivyoahidiwa, naye bado anaona na anasikia.